Kunde za Kitokanyumba

Mke wangu aliingia nyumbani kwangu na sanduku la nguo, mkeka mmoja, na pishi ya kunde nyeusi. Nguo zilichakaa, mkeka ukakatika ukatupwa. Kunde zilibaki, na kwa miaka mingi hapakuwa na kitu nilichokichukia katika nyumba yangu kuliko kunde zile.

Zilikuwa kitokanyumba. Mwanamume akimwacha mkewe, mbali na matunzo ya eda, humpa kitu cha kumtuliza moyo, asitoke mikono mitupu. Wengi hutoa fedha, wengine doti za khanga. Mume wa kwanza wa mke wangu, mtu wa Juani, kisiwa cha ng'ambo yetu, alitoa pishi ya kunde. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya talaka hakikubaki kitu kati yao ila hizo kunde, nami nilipomwoa baada ya eda yake kwisha, nilidhani tutazila mwezi mmoja na habari itakuwa imekwisha.

Laiti ingekuwa fedha. Fedha ingetumika. Kunde alizipanda. Kila masika yakielekea ukingoni alizipanda kwenye kipande chake nyuma ya nyumba, akavuna, tukala, akaweka mbegu, akapanda tena. Yule mtu alimwacha mara moja tu, lakini zawadi yake ilizaa kila mwaka ndani ya uwanja wangu, na mimi nikaipalilia na kuila kwa tui.

Nilisoma hadi kidato cha nne, na kazi iliyonizeesha ni kutunza stoo ya chakula katika hoteli moja ya wageni hapa Utende. Adui yangu katika kazi ile alikuwa fukusi wa kunde. Ni mdudu mdogo wa kahawia mwenye madoa mgongoni, na mabawa yake ni mafupi, hayafiki mwisho wa mwili, kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Yeye mwenyewe hali kunde. Anachotafuta ni mahali pa kutaga. Anayekula ni mtoto wake, akiwa funza ndani ya punje, na akishakua hutoka kwa tundu la mviringo safi kana kwamba fundi amepita na keekee. Gunia la kunde nyeupe likiingia stoo zima, baada ya muda ukitia mkono unatoka na vumbi. Nilikemewa na mameneja kwa ajili ya vumbi hilo. Nilianika, nilipepeta, nilitia majivu, nilinunua dawa ya dukani. Fukusi walikuwa wakirudi.

Nyumbani, mke wangu aliweka kunde zake katika mtungi wa udongo uliofunikwa kwa kifuu cha nazi ambacho hakikuziba vizuri. Hakutia majivu. Hakutia chochote. Na kunde hazikubunguliwa. Si kwamba fukusi hawakuja. Nilikuwa nikifunua mtungi ule mke wangu akiwa hayupo, nikawakuta wawili watatu wakitembea juu ya punje. Walikuja, wakataga, wakafa, na kunde zikabaki nzima hadi msimu wa kupanda.

Jambo kama hilo halifichiki kijijini. Pale barazani tunapokunywa kahawa kulikuwa na fundi cherehani mmoja, rafiki yangu, mwenye mdomo usiopumzika.

"Mwenzetu kwako fukusi hawaingii," aliniambia siku moja. "Kwetu sisi wamemaliza kunde, sasa wanatazama mlango."

"Mkewe anajua kuhifadhi," akasema mwingine.

"Mke?" fundi akadakia. "Mwenye mali ndiye anayelinda. Yuko Juani, anazitazama kutoka huko huko."

Watu wakacheka. Fundi akanigonga goti. "Usinune, bwana. Wewe umeoa mke na posho yake juu. Nani mwingine hapa kapata hiyo?"

Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nilisema nimeshiba, na sikuwa nimekula.

Neno la fundi lilikuwa mzaha, lakini mimi nililichukua kama ushahidi. Nikaamini kwamba yule mtu alizitia kunde zile kitu, maneno au maji ya kombe la mganga, ili ziwe zinakaa na mwanamke aliyemwacha, zisiharibike, zimkumbushe. Ushahidi mwingine nilikuwa nao mwenyewe. Kila baada ya mavuno mke wangu hukaa barazani na ungo, kunde zake amezitenga mafungu madogo madogo kufuatana na mashina zilikochumwa. Huchukua punje moja katika fungu, akaipeleka mdomoni, akatulia kidogo, halafu akasogeza fungu upande huu au upande ule. Kwa mbali nilidhani anazisomea. Siku zangu mbaya zaidi nilidhani anazibusu.

Nilimwuliza mara moja. "Unafanya nini?"

"Nachagua mbegu."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo," akasema, akaendelea. "Kunde zangu hizi, bwana. Acha nizifanye ninavyojua."

Kunde zangu. Alisema hivyo kila mara, nami kila mara nilisikia mwanamke anayemtetea mwanamume.

Mtu mwenyewe nilikuwa nakutana naye. Visiwa vyetu ni vidogo, maziko na harusi ni za wote, na watu wa Juani huvuka kuja hospitali na sokoni. Ananizidi umri kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kwa haki ilinipasa kumpa shikamoo. Sikuwahi kumpa. Nilikuwa nawahi kumtolea salamu ya dini, "Asalaam aleikum," kwa sababu hiyo haina mkubwa wala mdogo. Alikuwa akijibu, "Waaleikum salaam," tukapeana mikono, na mimi nikaondoka nikijiona nimeshinda kitu.

Mwishowe niliamua kuzijaribu zile kunde. Ningependa kusema nilisukumwa na hamu ya kujua. Nilisukumwa na wivu. Nilichota kunde nyeusi kiganja kimoja kutoka mtungini, nikazitia katika chupa tupu ya jemu kule stoo. Katika chupa ya pili nilitia kunde nyeupe za hotelini, nzima, nilizozichagua moja moja. Kisha nikakamata fukusi wazima kutoka gunia bovu na kuwagawa katika chupa zote mbili, nikafunika kwa kitambaa chepesi ili wapate hewa. Nikazificha nyuma ya makopo ya nyanya.

Nilikuwa upande wa fukusi. Kila asubuhi kabla ya kugawa mchele nilisogeza makopo na kutazama. Walitaga kote kote, mayai meupe yaliyoganda juu ya maganda kama vijichembe vya chumvi. Nikafurahi. Kisha mayai yakabadilika rangi, ishara kwamba vifunza vimetoka kwa chini na kuingia ndani ya punje. Nikafurahi zaidi. Nilijiambia, sasa tutaona hiyo dawa yake.

Baada ya wiki kadhaa chupa ya kunde nyeupe ilijaa fukusi wapya wakipandana. Chupa ya kunde nyeusi ilikuwa na wale wale wa kwanza, wamekufa, miguu juu. Nikachukua wembe nikapasua punje nyeusi. Ndani, chini kidogo ya ganda, palikuwa na njia nyembamba kama uzi, na mwisho wa njia funza mdogo kuliko kichwa cha sindano, amekauka. Nikapasua nyingine, ni hivyo hivyo. Walikuwa wameanza kula, na walifia njiani.

Wakati ule bibi shamba wa eneo letu alikuwa akija hotelini kusaidia bustani ya mboga. Ni binti wa chuo, mpole, asiyependa kubishana. Nikamwonyesha chupa, nikajifanya ni shughuli ya stoo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hizi."

Aliinua chupa moja, akainua ya pili, akazigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Hizi nyeusi umezitia dawa gani?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe."

Akamimina punje chache kiganjani, akachukua moja akaiuma kwa meno ya mbele. Akakunja uso. "Zina ukakasi kweli. Uma na wewe."

Nikauma. Ulimi ulikunyata kama mtu aliyekula bibo bichi. Sikuwahi kuonja kunde zile mbichi, miaka yote ile.

"Mbegu haina miguu, haiwezi kukimbia," akasema. "Kwa hiyo inajiwekea kinga yake. Ganda lina huu ukakasi, na ndani kabisa kunde za namna hii huwa na kitu kinachozuia chakula kisimeng'enywe tumboni mwa mdudu. Funza anakula vizuri tu. Ila hakuna kinachomwingia mwilini. Anakufa njaa na tumbo limejaa."

"Kwa hiyo ni kemikali."

"Ni kemikali, lakini ya mbegu yenyewe. Hakuna mtu aliyeitia. Na si kunde zote zinazo. Nyingine zinazo kidogo, nyingi hazina kabisa, maana watu wamechagua zilizo laini na tamu, na fukusi naye anapenda hizo hizo." Akacheka. "Wala usidhani umemaliza vita. Ukiweka hizi tu kila mahali, siku moja atatokea fukusi anayeziweza. Lakini kwa sasa ni mali hii. Umezitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nipatie kibaba kimoja tu, mzee. Nizipeleke kwa wataalamu wa mbegu, zihifadhiwe, zipimwe. Wataandika zimetoka kwa nani."

Zimetoka kwa nani. Nikaona jina la mtu wa Juani limeandikwa mahali penye kiyoyozi, na watu wa vyuo wakilisoma. "Zimekwisha," nikamwambia. "Zilikuwa hizi tu."

Alisikitika. Mimi nilimwaga chupa zote mbili jalalani alipoondoka.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo moyo ungetulia, kwa kuwa sasa nilijua hapakuwa na kombe wala maneno. Mambo yalikuwa kinyume. Mganga ningemshinda kwa mganga mwingine. Zawadi ambayo ni njema kweli, njema ndani ya nyama yake, unaishinda na nini? Mimi katika miaka yote ya ndoa nilikuwa nimemletea mke wangu khanga, sufuria, redio, kitanda cha mninga. Hakuna hata kimoja ambacho hakikuliwa na wadudu au kutu.

Mke wangu sikumwambia neno juu ya chupa.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimeshastaafu, Ramadhani iliangukia masika. Dada wa mke wangu aliugua, naye akaenda Kilindoni kumwuguza. Aliniachia nyumba, kuku, na mtungi uliojaa mbegu za kupanda mvua zikipungua. Jioni moja baada ya swala msikitini palitangazwa kwamba futari ya kesho yake imepungua, mwenye chochote alete.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijua nitakachofanya, na nikijua vilevile jinsi kitakavyoonekana. Ningezitupa, ningekuwa mtu mwovu. Ningeziuza, ningekuwa mwizi. Lakini nani anamlaumu mtu kwa sadaka, tena Ramadhani? Nilimimina mtungi wote katika kapu, nikapeleka asubuhi. Msimamizi wa futari akaniombea dua mbele ya watu, na mimi nikaitikia amina kwa sauti.

Wapishi walizichemsha haraka haraka kwa kuwa mvua ilikuwa inawazimia moto, wakatia tui juu ya maji yale yale yaliyochemshiwa. Mchuzi ulitoka mweusi kama wino. Watu walifuturu kwa njaa ya mchana kutwa, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyesema. Kisha nikaona midomo inakunjwa.

"Kunde hizi zinauma ulimi," mzee mmoja akasema.

"Zinataka uzile polepole," akajibu fundi cherehani. "Za nani hizi?" Akanitazama, akazitazama rangi, akanitazama tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutania.

Kwenye tarawehe matumbo yakaanza kunguruma safu nzima. Kila rakaa mbili mtu alikuwa akichomoka. Imamu alipotoa salamu ya mwisho, safu ya mbele ilikuwa imebaki na nafasi kama meno ya mtoto. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotoka.

Mke wangu alirudi dada yake alipopata nafuu. Alisalimia, akaweka mzigo, akatoka uani kutazama kipande chake. Mvua ilikuwa inaelekea kupungua. Alichukua jembe akalima siku ile ile, akafukua mashimo mstari kwa mstari, kisha akaingia ndani kuchukua mbegu. Nilimsikia akiinua kifuu.

"Kunde zangu ziko wapi?"

"Nimezitoa sadaka. Futari ya msikitini."

"Kunde zangu?"

"Kunde za nyumba hii."

Akakaa kwenye kigoda, mikono yake bado ina udongo. Sikumwona akilia, na ningependelea alie.

"Ungeziuza, ningekudai," akasema. "Ungezimwaga nje, ningeokota moja moja. Umezipeleka mahali ambapo siwezi kudai wala kuokota. Sadaka ya mali ya mtu, bwana? Hiyo umeandikiwa nini?"

Nikatafuta pa kutokea.

"Uliwapa majirani mwaka juzi," nikasema. "Wao hawana?"

"Walizila zote. Wakasema zina ukakasi, wakapanda za dukani." Akatazama nje. "Mvua hii ikipita sina mbegu, nimezipoteza. Zimebaki Juani tu, kama zimebaki. Nitakwenda."

"Huendi."

"Basi nenda wewe," akasema, akatoka kuosha mikono.

Nilikwenda. Maji yalikuwa yametoka, boti ikatuacha mbali, nikatembea na viatu mkononi kwenye tope la mikoko hadi nchi kavu. Nyumba ya yule mtu niliijua bila kuwahi kufika, kama mtu anavyojua kidonda chake kilipo gizani. Alikuwa amekaa barazani anasuka dema, mtego wa samaki. Miguu yake imevimba, na macho yake yamefifia, ila vidole bado vyepesi. Nilikuwa na salamu ya dini tayari mdomoni kama kawaida yangu. Nikaimeza.

"Shikamoo."

Vidole vyake vikasimama. "Marahaba," akasema. Kisha, taratibu, "Leo umenipa."

Nikafahamu kwamba miaka yote alikuwa anajua.

"Karibu ukae. Ningekutilia kahawa, lakini ndiyo tumefunga. Huko wazima?"

"Wazima. Nimekuja kuomba mbegu ya kunde. Zile nyeusi ulizompa."

"Za kwake zimefanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa habari ya panya. Nilipoyaona macho yale mabovu yakinitafuta, sikuweza kuitoa. "Nilizitoa sadaka. Futari."

"Yeye alikubali?"

"Hakuwepo."

Akalaza dema chini. "Na nani alimwaga maji ya kwanza?"

"Maji gani?"

"Kunde zile hurowekwa, zikachemka mara moja, yale maji meusi ukamwaga, ndipo ukapika. La sivyo zinafunga tumbo na kulifungua pamoja." Alianza kucheka kabla hajamaliza. "Msikiti mzima?"

"Msikiti mzima."

Alicheka hadi akafuta macho. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikiungua, si kwa sababu ya kicheko. Miaka yote nimekula kunde zile, na huyu mtu alijua kinachofanyika jikoni mwangu kuliko mimi.

"Nani alikwambia nilimpa mimi?" akaniuliza alipotulia.

"Si kitokanyumba?"

"Ndivyo ilivyosemwa." Akachukua tena dema, nadhani ili asinitazame. "Kunde zile alikuja nazo yeye hapa, msichana, kafungiwa na bibi yake katika pindo la khanga. Alizipanda shambani kwangu. Tulipoachana nilikuwa na hasira, nikasema kilichovunwa shambani kwangu ni changu. Wazee wakaniambia, basi mpe kitokanyumba, mwulize anataka nini. Wakamwuliza. Akasema pishi ya kunde. Nikampimia kunde zake mwenyewe, bwana, na watu wakanisifu kwa wema. Hakukwambia?"

Nikakumbuka kila mara aliposema kunde zangu. "Aliniambia," nikajibu. "Sikusikia."

"Bado anauma moja moja wakati wa kuchagua? Fungu lenye ukakasi ni la mbegu, lisilo na ukakasi linakwenda chunguni. Bibi yake ndivyo alivyomfundisha. Mimi kwanza nilidhani anazisomea."

"Anauma," nikasema, kama mtu aliyejua siku zote. Hata katika upumbavu ule alikuwa amenitangulia.

Mbegu alikuwa nazo. Mkewe wa sasa hazipendi, zinachelewa kuiva, lakini yeye hupanda mstari mmoja kila mwaka. Nikanyoosha kapu langu. Hakulipokea.

"Sikupi wewe," akasema. "Nilishazitoa mara moja kama zangu. Sizitoi tena mkono wa mwanamume kwenda mkono wa mwanamume. Mwambie mwenyewe aje achukue kilicho chake."

"Nimekuja mimi ili yeye asije."

"Najua. Ukiona ni uzito, uzito ni wako, usinitwishe mimi."

Njia nzima ya kurudi nilitengeneza uwongo. Ulikuwa rahisi kuliko wa panya: hana, zimekwisha. Mke wangu angeamini, mvua ingepita, na kunde zingetoweka nyumbani kwangu, nami ningelala. Sauti ya injini ilinisaidia kuusema moyoni mara nyingi, hadi ukawa laini.

Nilipofika nilimkuta kwenye kipande chake. Mvua ya mchana ilikuwa imefukia baadhi ya mashimo, naye alikuwa anayafukua upya kwa kidole cha mguu, moja baada ya jingine, ingawa hakuwa na kitu cha kutia. Hakuniuliza. Alisimama tu akanitazama.

"Anazo," nikasema. "Anataka uende mwenyewe. Na ameniambia zilikotoka."

"Wewe unasemaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza hivyo juu ya jambo lile, na nilijua nikisema huendi, hatakwenda, na hatanisamehe.

"Nenda kesho," nikasema.

Asubuhi alivaa khanga zake za kila siku. Nilimchunguza kama mtu wa forodha. Nilitafuta wanja, sikuuona. Alipopita mlangoni nilivuta pumzi kutafuta manukato, nikasikia sabuni ya kufulia tu. Akashika kapu, akaniagiza kuhusu kuku, akaenda bandarini na wanawake wanaolima mwani.

Siku ile ilikuwa ndefu. Nilikwenda adhuhuri msikitini nikarudi, sikumbuki nilisoma sura gani. Kwa mawazo nilimwona barazani kwa yule mtu, amekaa pale nilipokaa mimi. Nikamsikia yule mtu anamwuliza kama bado anauma punje, nikawaona wote wawili wanacheka juu ya futari, na mimi ndani ya kicheko. Niliwaza maji yametoka, boti haitasogea, atachelewa. Niliwaza akichelewa haitakuwa kwa sababu ya maji.

Alirudi jua likiwa limeshuka, miguu ina tope hadi magotini. Akaweka kapu chini, akafunua. Zilikuwa kunde nyeusi, kama nusu pishi, safi.

"Amekupa," nikasema.

"Nimechukua. Nilikaa na mkewe, tukachagua wote."

"Na yeye?"

"Alikuwepo."

Nilitaka kunyamaza. "Mlizungumza nini?"

Alikuwa anajifuta tope kwa kipande cha kifumbu kikuukuu cha kuchujia tui. "Aliniuliza kama bado una wivu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nimekuja kuchukua mbegu, sikuja kutoa habari za nyumba yangu."

Alisema hivyo bila kuinua uso, akaenda kisimani kuosha miguu. Adhana ya magharibi ilinikuta bado nimesimama pale karibu na kapu. Alirudi na tende, akanipa zangu, akala zake, kisha akachota kunde za kutosha kipande chake, akazitia katika pindo la khanga kwa ajili ya asubuhi.

Zilizobaki nilizigawa mwenyewe, kwa idhini yake. Kibaba kimoja nilimpelekea yule bibi shamba, na aliponiuliza aandike zimetoka kwa nani, nikamtajia jina la bibi wa mke wangu. Mwaka huu zimestawi. Na bado, nikimwona mke wangu ameinamia ungo, natamani kujua mengine waliyosema siku ile kule Juani. Sijamwuliza.